Daftari la Kodi: Mwenye Nyumba, Mpangaji na Warithi



Tunapokaa kuzungumza juu ya mali za wazee wetu, aghlabu tunataja mashamba ya mikarafuu na minazi, na baadhi yetu hutaja majahazi. Ni nadra kumsikia mtu akitaja nyumba ya kukodisha. Hata hivyo, ukizifungua karatasi za familia nyingi za mjini Unguja utaona kwamba karafuu ilikuwa na mwaka wa neema na mwaka wa ukame, na bei yake ilipanda na kuanguka kwa amri ya masoko ya mbali. Kodi ya chumba cha chini ilikuja kila mwezi. Hiyo ndiyo iliyonunua mchele, ikalipa ada ya mwalimu na ikawavisha watoto siku ya Idi.

Nataka leo niandike juu ya nyumba hizo kwa sababu wengi wetu, bila ya kujiita hivyo, tumekuwa wenye nyumba. Tumerithi nyumba au fungu la nyumba, na ndani yake anakaa mtu mwengine. Maoni yangu, baada ya kuyasoma yaliyowapata waliotutangulia, ni kwamba nyumba ya kukodisha husimama pale mambo matatu yanapojulikana wazi: ni ya nani, anakaa nani, na anaitengeneza nani. Likifichika moja katika hayo matatu, huingia ugomvi kwanza, kisha huingia mvua.

Daftari la babu

Miongoni mwa karatasi zilizonifikia limo daftari la kodi la marehemu babu yangu mzaa baba. Limeandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa khati nzuri ya mtu aliyesoma chuoni. Kurasa za mwanzo zinahesabu rupia. Kuanzia mwaka 1936, pale Zanzibar ilipoiacha rupia na kuingia katika shilingi ya Afrika Mashariki, hesabu zinageuka, kila rupia moja ikiwa shilingi moja na nusu. Mimi niliyemaliza umri wangu wa kazi katika ukarani sikuweza kujizuia kuzikagua jumla zake, na nimezikuta sahihi.

Nyumba yenyewe ilikuwa Malindi, karibu na bandari. Chini palikuwa na maduka mawili yaliyoelekea njiani na chumba kimoja cha nyuma. Familia ilikaa ghorofa ya kwanza, na ghorofa ya juu ilikodishwa kwa watu wenye ahali zao. Chumba cha nyuma ndicho kilichobadilisha wakaazi zaidi, kwa sababu ya msimu. Upepo wa kaskazi ulipoleta majahazi kutoka Oman, Ghuba na Hadhramaut, kuanzia Disemba hata Machi, wageni walihitaji mahali pa kuweka mizigo na kulaza ubavu mpaka kusi iwarudishe kwao.

Babu aliandika kodi kwa miezi ya Kizungu ingawa barua zake zote alizitia tarehe za Kiislamu. Sababu haikuandikwa, lakini karani yeyote ataiona. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11. Anayedai kwa miezi hiyo hupata, katika kila miaka 3, kodi ya mwezi mmoja na ushei zaidi ya anayedai kwa miezi ya jua. Mpangaji anayelipwa mshahara wake kwa mwezi wa jua ataiona tafauti hiyo katika sufuria yake.

Daftari lina safu tano: mwezi, mkaazi, kiasi, matengenezo, na safu ya mwisho isiyokuwa na jina. Katika safu hiyo ndimo ulimo ubinadamu wa nyumba. Mahali pamoja pameandikwa: "Hakudaiwa, yumo edani." Mwanamke yule wa ghorofa ya juu alikuwa amefiwa na mumewe, na kwa miezi minne na siku kumi hakubishiwa mlango kwa ajili ya kodi. Baadaye kodi zile zinaonekana zikilipwa kidogo kidogo, bila ya ziada. Hazikusamehewa, wala hazikudaiwa wakati wa msiba.

Safu ya matengenezo hujaa kila mwaka mwezi wa Februari na Machi, kabla ya masika. Nyumba zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Nyumba ya namna hii huishi madhali paa halivuji. Maji yakipata njia, boriti huoza kichwani mwake, pale inapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Siku ya kuonekana ufa, kazi ya kuoza imeshakwisha zamani.

Palikuwa pia na sheria za sitara ambazo hazikuandikwa popote, nami nimezisikia kwa wazee. Mlango wa duka ulifunguka njiani tu, wala haukuwa na njia ya kuingilia uani. Mwanamume asiyekuwa na mke hakupewa ghorofa ya juu, kwa kuwa ngazi ilikuwa moja na wanawake wa nyumba waliipanda kwenda kuanika nguo darini. Mgeni wa mwenye nyumba aliishia barazani au ukumbini. Mwenye nyumba mwenyewe, pamoja na kuwa mali ni yake, alipiga hodi kwa mpangaji wake na akangoja aitikiwe. Kukodisha chumba hakukuwa kuuza nafasi tu. Ilikuwa ni kuingiza nyumba ya pili ndani ya nyumba yako, na kila moja ikawa na haki ya kujifunika.

Mwenye nyumba akawa mpangaji

Tusidhani, lakini, kwamba wazee wetu daima walikuwa upande wa kupokea. Ilikuwepo biashara iliyoitwa bei ya khiyari. Mtu mwenye shamba au nyumba, akihitaji fedha, alimuuzia tajiri mali yake kwa sharti kwamba akirudisha fedha ile ndani ya muda fulani mali itamrudia. Katika muda huo alibaki katika mali yake, naye akimlipa tajiri kodi. Kwa njia hiyo mkopeshaji alipata faida bila ya kuitaja riba, na wanazuoni wa Oman na wa Zanzibar walikuwa na mengi ya kusema juu ya uhalali wake.

Natazama hapa upande wa nyumbani. Baba wa familia alilala katika kitanda kile kile, chini ya boriti zile zile, na hali alikuwa ameshageuka mpangaji. Mara nyingi mke na watoto hawakuijua habari hiyo mpaka baba alipokufa na hati zikatolewa mbele ya kadhi. Katika matatu niliyoyataja, lililofichika lilikuwa lile la kwanza: ni ya nani.

Ng'ambo na kodi ya ardhi

Ng'ambo ya hori iliyoutenga Mji Mkongwe na mitaa mengine, mambo yalikuwa ya namna nyengine, na nasi wenye asili ya Kiarabu hatuna budi kuyataja kwa uadilifu. Huko ardhi ilikuwa ya mtu mmoja na nyumba iliyo juu yake ilikuwa ya mtu mwengine. Wenye ardhi walikuwa Waarabu na Wahindi wenye mali, na ardhi nyengine ilikuwa ya wakfu. Wenye nyumba walikuwa, kwa wingi wao, watumwa, waliokuwa watumwa, na watoto wao, pamoja na wahamiaji kutoka bara na visiwani. Mtu alijenga kwa miti, udongo na makuti, na kile alichokijenga kilikuwa chake.

Hapo mwanzo wengi walikaa bila ya kulipa kodi ya kiwanja. Hayo hayakuwa ihsani tupu. Bwana alipata watu: wa kumfuata, wa kumhudumia harusini na msibani, wa kuonekana nyuma yake. Baada ya hadhi ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, uhusiano ule ulilegea, mji ukapanuka, na ardhi ikaanza kutazamwa kama mtaji. Viwanja vilinunuliwa na kuuzwa, na kodi ikaanza kudaiwa na kupandishwa. Aliyejenga kwa jasho lake akajikuta anadaiwa kila mwezi kwa ajili ya udongo ulio chini ya nyumba yake, na akishindwa hana pa kuipeleka nyumba.

Mwaka 1928 wakaazi wengi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Wanawake walikuwa miongoni mwao, kwani wengi wao walimiliki nyumba huko. Mgomo ulikuwa mkubwa hata serikali ikalazimika kuweka sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo. Tunaposimulia ukarimu wa wazee wetu na turudie pia kisa hiki, kwani kinaonyesha kwamba kodi haipimwi kwa kile soko linachoweza kubeba peke yake. Hupimwa pia kwa kile mpangaji alichokwisha kukiweka pale, na kwa namna alivyofika hapo.

Wakfu: kodi ya kwanza ni ya nyumba

Wazee waliijua khatari ya nyumba kugawanyika, ndiyo sababu wengi, wanaume na wanawake, waliziweka nyumba zao wakfu. Wako waliowawekea wakfu dhuria zao, wako walioiwekea misikiti, na wako waliowawekea wale waliokuwa watumwa wao ili wapate pa kukaa. Nyumba ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Hukodishwa, na mapato yake huenda kwa waliotajwa. Sheria ya mwaka 1905 iliziingiza wakfu za Zanzibar chini ya usimamizi wa kamisheni ya serikali, na hata leo ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Katika fiqhi ya wakfu liko jambo ambalo kila mwenye nyumba, hata ya mali yake binafsi, angelifaa kulihifadhi: mapato huanza kutumika katika kuitengeneza nyumba, na kinachobaki ndicho kinachogawiwa. Asiyefanya hivyo huwa anakula rasilimali akidhani anakula faida. Nyumba nyingi za wakfu za Mji Mkongwe ziliharibika pale kodi ilipokuwa ndogo mno hata haikufika bei ya chokaa. Kodi ndogo ilionekana kuwa ni rehema kwa mpangaji, lakini paa lililoanguka lilimwangukia yeye.

Daftari la babu linakoma Disemba 1963. Januari 12, 1964 yalitokea Mapinduzi. Mwaka huo huo ardhi ikafanywa mali ya umma, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikataifishwa. Serikali ikawa ndiyo mwenye nyumba mkubwa. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja ikaingia familia tano au sita, na wengi wao walikuwa watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na mlango katika mji ule. Siandiki haya ili kufungua madai. Nataka tu tuone kwamba, mradi ilijulikana nani anakaa, ila haikujulikana nani anapaswa kupanda darini kabla ya masika, boriti zilioza kama kawaida yake. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka maalumu ya kuuhifadhi Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Pamoja na hayo, siku ya Disemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba kuu kuliko yote, iliporomoka. Sifa ya nyumba haizuii maji.

Tulipofika Maskati

Baada ya Julai 23, 1970, Sultan Qaboos bin Said alipotawala na kuwaita Waomani walioko nje warejee, jamaa zetu walianza kuingia Maskati kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam, na wengine kutoka Kuwait, Cairo na Dubai walikokuwa wametangulia. Wengi wetu tulianza kwa kupanga. Watoto wa watu waliokuwa wakipokea kodi Malindi walikaa familia nzima katika chumba kimoja au viwili Mutrah na Ruwi, wakijifunza upya namna ya kumsalimia mwenye nyumba.

Kisha serikali ikagawa viwanja kwa raia, watu wakapata kazi na mikopo, na kila familia ikajenga. Aliyejenga aliongeza ghorofa, au vyumba vya pembeni ambavyo huku huitwa mulhak, na vikakodishwa. Waliovikodi kwa wingi walikuwa wafanyakazi kutoka India, Pakistan na Bangladesh: watu waliokuja kwa msimu mrefu, wakipeleka fedha kwao, kama wale wa chumba cha nyuma cha babu. Sheria nayo ikafuata. Amri ya Kisultani namba 6 ya mwaka 1989 ilipanga uhusiano baina ya wenye nyumba na wapangaji, na mkataba ukawa ni wa kusajiliwa manispaa. Yaliyokuwa ya mdomo yakawa ya karatasi, na hilo ni jema kwa pande zote mbili.

Mafungu 28

Lakini sheria ya serikali hutazama baina ya mwenye nyumba na mpangaji. Baina ya warithi wenyewe, mara nyingi hakuna karatasi hata moja, na hapo ndipo ilipo khatari yetu ya leo. Nitaeleza kwa mfano wa nyumba ya marehemu baba yetu, iliyoko Ruwi, kwa idhini ya ndugu zangu.

Baba alipofariki aliacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mke ana thumuni, na kilichobaki ni mafungu saba: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Nyumba yote basi ni mafungu 8. Tuseme kodi ya mwezi, baada ya matengenezo, ni riali 280: mama anapata 35, kila mwanamume 70 na kila mwanamke 35. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya hesabu hiyo.

Mama naye akafariki, na thumuni yake ikarudi kwa watoto wale wale. Nyumba ikawa mafungu 7. Kisha akafariki dada yetu mmoja, akaacha mume, mtoto wa kiume na wa kike. Fungu lake moja katika saba linagawika: robo kwa mume, na kilichobaki kwa watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Sasa nyumba ni mafungu 28. Sisi wanaume tuna manane manane, dada wawili walio hai wana manne manne, shemeji ana moja, mpwa wetu wa kiume ana mawili na wa kike ana moja. Katika riali 280 hizo hizo, mpwa wa kike anastahiki riali 10. Anasoma Manchester, na nyumba hiyo ameiona kwa picha.

Tazameni ilivyokuwa wepesi: vifo vitatu tu, na nyumba moja imeshafika watu saba katika nchi mbili. Kikifuata kizazi kimoja zaidi bila ya kuandikwa, hapatakuwa na mtu wa kuijua hesabu. Na zinapopotea hesabu, wa kwanza kupotea ni wenye mafungu madogo, nao aghlabu ni wanawake na watoto wao. Nimeshuhudia familia ambazo dada walikaa miaka 20 bila ya kuletewa kitu, na jawabu lilikuwa kwamba "nyumba haijagawiwa". Nyumba haijagawiwa, lakini kodi yake ilikuwa ikigawiwa kila mwezi katika mfuko mmoja.

Liko na jengine gumu zaidi kulisema. Kaka anayekaa bure katika nyumba ya urithi ni mpangaji wa ndugu zake kwa kiasi cha mafungu yao. Wakimruhusu, ni ihsani yao na Mungu atawalipa. Wasipoulizwa, ukimya wao si ruhusa. Dada wengi hunyamaza kwa kuogopa kuvunja undugu, na kinyongo hukaa ndani kama maji katika kichwa cha boriti.

Kwa hivyo nayasema haya kwenu, mlio na nyumba ya kukodisha peke yenu au kwa shirika. Andikeni mafungu, na kila mrithi awe na nakala. Mchagueni wakala mmoja kwa maandishi, mumlipe ujira wake unaojulikana, naye atoe hesabu ya mapato na matumizi kila mwaka kwa wote, mkubwa na mdogo. Tengeni fungu la nyumba kabla ya mafungu ya watu. Anayekaa ndani alipe au aombe, na ruhusa yake iandikwe na iwe na muda. Mpangaji apewe mkataba uliosajiliwa na stakabadhi, na apigiwe hodi. Mlioko Uingereza mnajua kwamba sheria huko humlazimisha mwenye nyumba kukagua vifaa vya gesi kila mwaka. Lichukulieni hilo kama babu alivyoichukua Februari, kwamba roho za watu ziko chini ya paa lako. Na kodi iliyokusanyika ikafika nisabu na kupitiwa na mwaka, msiisahau zaka yake.

Katika nyumba yetu, wako wanaotaka iuzwe na wako wanaotaka ibaki kwa kumbukumbu ya wazee. Yote mawili ni halali. Kuuza na kugawana kwa haki si kuwavunjia heshima marehemu, wala kubaki katika shirika si ujinga, madhali kila mmoja anapata chake na paa linatazamwa. Tumekubaliana kuiacha kwa miaka mitatu, kisha tulizungumze tena. Ndugu yangu anayekaa chini amekubali kulipa, kodi ikiwa imepunguzwa kwa ridhaa ya wote saba, na ridhaa hiyo imetiwa saini.

Hesabu ya mwaka huu imeshapelekwa kwa kila mmoja, pamoja na mpwa wetu wa Manchester na riali zake. Mwenye kuona kasoro ndani yake na aseme sasa, wakati tungali hai na stakabadhi zingalipo.

Wabillahi tawfiq.